Sinki Likihama, Tobo Nalo Lihame

Nina kisa cha bamba la mawe lililokatwa tobo pasipostahili, na sina budi kukisimulia hadharani kwa sababu katika kisa hicho mkosaji mkuu nilikuwa mimi. Wasomaji waliozoea kuniona nikiteta juu ya ngeli na minyambuliko ya vitenzi watanisamehe leo nikiwaingiza jikoni. Hata hivyo, wasichelee. Safari hii itaishia kule kule kwenye lugha.

Mwaka jana nilikuwa nikimjengea mama yangu nyumba ndogo huko kijijini kwetu. Mpwa wangu, kijana aliyehitimu uchoraji wa ramani za majengo katika chuo kimoja cha ufundi, alijitolea kuichora nyumba hiyo kwa tarakilishi bila malipo. Kazi ya kukata na kulaza bamba la graniti la kaunta ya jikoni alipewa fundi mmoja mwenye umri wa kunizaa, mtu aliyekata mawe kwa zaidi ya miaka 30. Bamba lenyewe lilikuwa na urefu wa sentimita 240, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 2. Lililetwa kwa lori kutoka Nairobi likiwa limesimamishwa wima na kuviringishiwa magunia kama mgonjwa, kwani graniti, pamoja na ugumu wake wote, huvunjika kama kigae ikilazwa vibaya safarini.

Mama aliomba jambo moja tu: sinki liwe chini ya dirisha, ili akiosha vyombo awaone kuku wake. Mpwa wangu akalisogeza sinki katika mchoro kwa sentimita 70 kuelekea kushoto. Fundi wa mabomba akaufuata mchoro huo, akalitokeza bomba la maji machafu chini ya dirisha kama alivyotakiwa. Lakini fundi wa mawe alipewa karatasi nyingine, iliyoonyesha bamba peke yake pamoja na tobo la kukatwa. Katika karatasi hiyo tobo lilikuwa limebaki pale pale lilipokuwa tangu mwanzo.

Mzee yule si mjinga. Aliziweka karatasi mbili sambamba, akaziangalia, kisha akanipigia simu.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa naona sinki liko dirishani na tobo liko karibu na jiko. Na chini ya tobo pana maneno ya Kizungu. Yanasemaje?"

Nilikuwa mbioni kuelekea mkutanoni. "Mzee, fuata karatasi uliyopewa," nikamjibu. "Hiyo imechorwa na mtu aliyesomea."

"Haya, Mwalimu. Ninyi ndio wasomi."

Akakata. Nilipofika jioni nilikuta tobo limekatwa kwa ustadi wa kupigiwa mfano, pembe zake zimeviringwa vizuri, maana pembe kali ndani ya bamba la mawe ndipo ufa unapoanzia. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba tobo na bomba vilitengana kwa sentimita 70. Nilighadhibika. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, kisha nikamkata nusu ya ujira wake ili kufidia bamba. Hakubisha. Alizikunja karatasi zile mbili, akanikabidhi kwa mikono miwili, akaenda zake.

Usiku huo, nikiwa peke yangu, niliisoma karatasi ya bamba kwa mara ya kwanza. Maneno yale ya Kiingereza aliyoniuliza mzee yalikuwa na maana hii: tobo lilingane na mahali pa sinki; hakikisha papo hapo kabla ya kukata. Yaani onyo ambalo lingeliokoa bamba lilikuwa limeandikwa, liko mikononi mwake, na aliniomba nimsomee. Mimi mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, ninayelipwa mshahara kwa ajili ya kufafanua maana za maneno, nilikataa kumfafanulia mtu mstari mmoja. Kisha nikamtoza faini kwa kutoujua.

Kesho yake nilimwita mpwa wangu nikitaka kujua ilikuwaje sinki lihame na tobo libaki. Alinijibu kwa unyonge, "Mjomba, niliichora voidi ndani ya kaunta badala ya kuiweka ndani ya sinki." Sikuelewa. Ikabidi aifungue tarakilishi yake na kunifundisha, na somo hilo lilinichukua alasiri nzima. Naomba ruhusa niligawe kwa wasomaji, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalowahusu walimu wa Kiswahili kuliko wanavyodhani.

Programu za siku hizi za kusanifu majengo hazichori mistari mitupu kama zamani. Mojawapo, Revit, ilianza kubuniwa huko Marekani mwaka 1997, ikaingia sokoni mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2002. Katika programu ya aina hiyo ukuta hujijua kuwa ni ukuta, na mlango hujijua kuwa ni mlango. Ukiuweka mlango ukutani, ukuta hujitoboa wenyewe kuupisha. Ukiusogeza mlango, lile tobo la zamani hujiziba na jipya kufunguka mahali papya. Mchoraji hahitaji kuugusa ukuta kamwe.

Kwa milango na madirisha jambo hilo huja tayari. Kwa sinki na kaunta, mchoraji mara nyingi hulazimika kuliandaa yeye mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Njia ya mkato, ambayo mpwa wangu aliifuata, ni kuichora kaunta ikiwa tayari na tobo lake, kisha kulitua sinki juu yake. Kwa macho mambo huonekana sawa. Ila sinki na tobo havijuani. Kila kimoja kina maisha yake, na siku mama mwenye nyumba atakapotaka kuwaona kuku wake, sinki litahama na tobo litabaki likiyakodolea macho mabomba yasiyokuwapo.

Njia iliyo sahihi ni kulifanya sinki libebe tobo lake. Mchoraji anapoliunda sinki, huunda pia umbo la pili lisiloonekana, lenye sura ya tundu linalotakiwa kukatwa kwenye kaunta. Umbo hilo halina budi kuwa huru, yaani lisiwe lile lile lililotumika kulichimba beseni la sinki lenyewe, kwa sababu umbo lililokwisha kukata kitu ndani ya sinki halitakata tena kitu cha nje. Kisha mchoraji hutia alama katika kisanduku kimoja kidogo cha maelezo, kuiambia programu kwamba umbo hilo likate pindi sinki litakapoingizwa katika jengo. Alama hiyo ikisahauliwa, kazi yote huwa bure. Hatimaye, sinki likishawekwa mahali pake, huchukua zana ya kukatia, akaigusa kaunta, kisha akaligusa sinki. Tobo likafunguka. Tangu hapo, sinki likienda dirishani tobo hulifuata, na karatasi ya fundi wa mawe hujirekebisha bila mtu kukumbuka kuirekebisha.

Kuna mambo madogo madogo ambayo huutofautisha mchoro wa mjuzi na wa mwanagenzi. Umbo la kukatia sharti liwe refu kuliko unene wa kaunta. Ukilipa kina cha sentimita 2 na kaunta ikawa na unene wa sentimita 3, utapata shimo lenye sakafu, wala si tobo. Vilevile, kwa sinki lenye ukingo unaoegemea juu ya bamba, tobo sharti liwe dogo kuliko ukingo, la sivyo sinki litazama kabatini. Kwa sinki linalobandikwa chini ya bamba, hesabu hubadilika, kwani hapo kingo za tobo huonekana na lazima zinga'rishwe. Katika SketchUp, ambayo wanafunzi wengi huianza kwa wepesi wake, tobo linaloletwa na kifaa hukata uso mmoja tu, mithili ya kutoboa karatasi, na ubao wenye unene hubaki mzima upande wa chini.

Nilipokuwa nikimsikiliza kijana yule, nilijikuta nikicheka peke yangu. Akaniuliza, "Mjomba, kuna nini?" Nikamwambia kwamba jambo alilokuwa akinieleza kwa maneno mengi ya Kiingereza, Kiswahili hulisema kwa kitenzi kimoja: sinki linajikatia. Tazama neno hilo. Mzizi ni -kat-. Kiambishi cha kutendea kinasema kwamba kukata huku kuna anayefaidika. Kirejeshi ji- kinasema kwamba anayefaidika ndiye huyo huyo mtendaji. Sinki linajikatia tobo kwenye kaunta. Hakuna haja ya sentensi mbili, wala maelezo ya pembeni. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua mnyambuliko wa vitenzi anayo tayari dhana ambayo mpwa wangu aliihangaikia kwa muhula mzima.

Wala si hilo tu. Kosa lililoharibu bamba langu ni kosa ambalo kila mwalimu wa Kiswahili amelisahihisha kwa kalamu nyekundu mara elfu. Ni kosa la upatanisho wa kisarufi. Katika lugha yetu nomino ikibadilika, kila kinachoitegemea hubadilika nayo: sinki langu kubwa limehama, masinki yangu makubwa yamehama. Hatuandiki *masinki langu kubwa limehama*, kwa sababu vivumishi na vitenzi havina uhuru wa kubaki nyuma nomino inapokwenda. Kujenga kwa programu hizi ni kuandika kwa upatanisho. Tobo ni kiambishi cha sinki. Mpwa wangu aliihamisha nomino akasahau kiambishi, na programu, kwa kuwa hakuiambia kwamba viwili hivyo ni vya ngeli moja, ikamwachia kosa lake.

Nimetumia neno ngeli kwa makusudi. Katika Revit, vitu vya namna moja huwekwa katika kundi ambalo wachoraji wetu huliita familia, na hilo limekuwa chanzo cha mkanganyo kwa wanaoanza, maana familia kwetu ni baba, mama na watoto. Masinki yote ni familia. Ndani yake mna aina, kama sinki la beseni moja na la mabeseni mawili. Na chini ya aina kuna sinki hili hasa lililoko katika jikoni hii. Mwanaisimu akilitazama jengo hilo la ngazi tatu, anaona kitu anachokifundisha kila mwaka: ngeli, neno, na neno lilivyotamkwa na mtu fulani siku fulani. Tukiliita kundi hilo ngeli ya masinki, nusu ya somo imekwisha.

Hali kadhalika, kile kinachopokea sinki, yaani kaunta, Waingereza hukiita kwa jina la mtu anayepokea mgeni, na wachoraji wetu husema hosti. Kwa nini tuseme hosti ilhali tuna mwenyeji? Sinki ni mgeni na kaunta ni mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila hapa mwenyeji hujeruhiwa kidogo ili mgeni apate pa kukaa. Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo hatauliza tena ni kipi kinachomkata mwenzake.

Nakiri kwamba si kila neno hupatikana kwa wepesi namna hiyo. Lile la voidi lilinitoa jasho. Kamusi itakupa utupu, lakini mwalimu atakayewaambia vijana darasani wachore utupu atajuta, na wasomaji wanaelewa kwa nini. Ombwe limekwisha kuchukuliwa na wanafizikia kwa mahali pasipo hata hewa. Pengo ni mahali ambapo kitu kilikuwapo au kilipasa kuwapo, kama jino. Shimo lina kitako. Ukitumbukiza jiwe, linatua. Tundu ni dogo, na tena kuku hulala humo. Mwanya ni mwembamba. Ufa haukutakiwa. Nilipokuwa ningali nikizipima nomino hizi kama mfanyabiashara wa nafaka, nilikumbuka kwamba mzee yule, tangu siku ya kwanza, alikuwa akitumia neno moja tu bila kutafuta: tobo. Ni kubwa, limepita upande wa pili, na limetobolewa na mtu kwa kusudi. Fundi alikuwa na istilahi. Mimi nilikuwa na kamusi.

Hoja yangu leo ni hiyo. Tumezoea kusema kwamba Kiswahili hakina maneno ya teknolojia, na kwa hivyo fani hizi hazina budi kufundishwa na kuandikwa kwa Kiingereza pekee. La hasha. Maneno yapo, na mengi yako vinywani mwa watu ambao hatuwaulizi. Kinachokosekana ni daraja kati ya tarakilishi ya mchoraji na grenda ya fundi. Daraja hilo linapokosekana, hasara humwangukia aliye chini kabisa, maana yeye ndiye mwenye kushika mashine, na tobo likishakatwa halirudi.

Nijuavyo, wapo watakaosema kwamba haya ni mahaba ya mwalimu wa lugha. Naomba tuutazame ulimwengu. Kiwango cha kimataifa cha kubadilishana michoro ya majengo kati ya programu na programu huitwa IFC, na shirika la viwango la ISO lilikitambua kikamilifu mwaka 2013 kwa nambari 16739. Ndani ya kiwango hicho tobo limeorodheshwa kama kitu kamili, lenye jina lake na nambari yake, sawa na ukuta au mlango. Uhusiano mmoja huandikwa kusema kwamba tobo fulani limeutoboa ukuta fulani. Uhusiano wa pili husema kwamba mlango fulani umeliziba tobo hilo. Mwaka 1994 wanafalsafa wawili, Roberto Casati na Achille Varzi, walitoa kitabu kizima kuhusu mashimo na matundu, wakiuliza kama tobo ni kitu au ni ukosefu wa kitu. Walio mbele yetu katika fani hizi hawakuona aibu kukaa chini na kujiuliza tobo ni nini na liitweje. Sisi wenye lugha yenye majina saba ya tobo ndio tunaoona aibu.

Watazame pia Wahangari. Lugha yao haina jamaa wengi Ulaya na wasemaji wake ni wachache mno wakilinganishwa na wetu. Hata hivyo, kampuni ya Graphisoft iliasisiwa Budapest mwaka 1982 na kuizaa ArchiCAD, mojawapo ya programu za kwanza za kusanifu majengo kwa tarakilishi ndogo, na wasanifu wa Hungaria huitumia kwa Kihangari. Revit yenyewe inapatikana kwa Kicheki, lugha ya watu wapatao milioni 10. Kiswahili, ambacho UNESCO inasema kina wasemaji zaidi ya milioni 200, hakimo katika orodha hiyo. Sidhani kwamba kampuni hizo zinatuchukia. Hakuna aliyekwenda kuwabishia hodi akiwa na orodha ya istilahi mkononi.

Wala si kwamba hatujawahi kuthubutu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu ya kwanza hadi ya mwisho. Huku kwetu neno tarakilishi lilichekwa lilipozuka, na leo watoto wa shule za msingi hulitamka bila kutabasamu. Tena ujenzi si jambo geni katika lugha hii. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, msana, ndani na sabule. Zina boriti darini na zidaka ukutani, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu na kunakshiwa kwa chokaa. Aliyeviita vishubaka hivyo zidaka hakungoja kutafsiriwa kitabu. Aliutazama ukuta uliochimbwa bila kutobolewa, akaona kwamba si tobo wala si dirisha, akaupa jina.

Mpwa wangu alinipa pingamizi zito zaidi. "Mjomba," alisema, "nikiandika karatasi zangu kwa Kiswahili, mhandisi atanicheka na kazi nitakosa." Sina haki ya kulipuuza neno hilo, kwa kuwa ni yeye atakayekosa kazi na si mimi. Menyu za programu ni za Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, na wateja wengine wako ng'ambo. Kwa hivyo simwombi akitupe Kiingereza. Namwomba aongeze. Karatasi inayokwenda kwa mhandisi na ibaki ilivyo. Karatasi inayokwenda kwa mkata mawe iwe na Kiswahili chini ya kila agizo, hasa maonyo. Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya 2010 inasema kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Mchoro wenye Kiswahili, kwa hivyo, si mchoro wa mitaani.

Wapo pia watakaodai kwamba mafundi wetu wenyewe hawasemi Kiswahili safi; wanasema linta, slabu, plasta, ringi bimu. Ni kweli, nami sioni ubaya. Sinki lenyewe ni neno la kukopa, na kaunta ni la kukopa, nayo yamekaa katika makala haya kwa amani. Neno la kukopa lililokwisha kuvaa sauti zetu na kukubali ngeli zetu ni raia kamili. Tatizo ni lile neno ambalo limeandikwa kwenye karatasi tu na halijawahi kufika kinywani mwa anayepaswa kulitii.

Kutokana na hayo, nina mapendekezo manne, na yote hayahitaji bajeti ya serikali.

Kwanza, walimu wa uchoraji katika vyuo vya ufundi waieleze dhana kwa Kiswahili kabla ya kuitaja kwa Kiingereza. Mwanafunzi aambiwe kwamba sinki hujikatia tobo kwa mwenyeji wake. Akishaelewa, apewe jina la Kiingereza na kisanduku cha kutia alama.

Pili, asiruhusiwe mwanafunzi kufuzu kwa mchoro ambamo tobo limechorwa mbali na kitu chake. Mwalimu na alisogeze sinki mbele ya darasa. Tobo lisipolifuata, kazi irudiwe.

Tatu, sisi wanaisimu tutoke ofisini. Tunakusanya istilahi kwa kutafsiri kamusi za wenzetu, kisha tunalalamika kwamba hazitumiki. Twende Gikomba, twende kwenye machimbo na karakana, tukae juu ya ndoo iliyopinduliwa, tusikilize. Neno ambalo limeishi miaka 30 kwenye mkono wenye sugu halihitaji kamati ili lithibitike.

Nne, na hili ni la wenye nyumba kama mimi: fundi akikuuliza maana ya maandishi, simama umsomee. Na kabla ya graniti kuguswa, sinki lenyewe liwe limefika mahali pa kazi pamoja na ile karatasi ya kipimo inayofungwa nalo kiwandani. Karatasi hiyo ilazwe juu ya bamba, bomba litazamwe, kisha mstari upigwe. Hakuna programu inayoweza kuchukua nafasi ya macho ya mtu aliyesimama mbele ya dirisha.

Nilirudi kwa mzee yule baada ya wiki moja nikiwa na pesa nilizomkata, na nikamwomba radhi. Nilimweleza pia kosa la mchoro kama nilivyoelezwa: kwamba tobo lilichorwa kama mali ya kaunta, ilhali lilipasa kuwa mali ya sinki. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Lakini Mwalimu, hilo nani asiyelijua? Tobo ni la sinki. Ndiyo maana nilikupigia."

Nilinunua bamba lingine, naye akalikata. Bamba la kwanza liko nyuma ya nyumba juu ya nguzo mbili za matofali, beseni la plastiki limetumbukizwa katika lile tobo, na mama huoshea mboga hapo. Kila niendapo nyumbani hulipita nikielekea jikoni.